Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kitenzi cha Kiingereza "blame"

Nafundisha Kiingereza jioni, hapa Unguja Mjini, katika chumba cha ghorofani chenye feni moja. Darasani wamo wapokezi wa hoteli za Paje na Nungwi, watembeza wageni wa Mji Mkongwe, madereva wa gari za watalii, na vijana wa kidato cha nne wanaosukumwa na mama zao. Kila muhula kitenzi hiki "blame" hutulia vipindi viwili nilivyokuwa nimevipangia jambo jengine. Basi maswali nimeyaandika hapa kama yanavyoulizwa, na majibu kama ninavyoyatoa, ili atakayeniuliza tena nimwelekeze huku.

Maalim, "blame" kwa Kiswahili ni nini?

Kulaumu. Ukiwa na haraka, chukua hilo uende zako.

Ukiwa na nafasi ya kukaa, ongeza hivi: "blame" ni kusema, au kushikilia moyoni, kwamba fulani ndiye chanzo cha jambo baya. Jambo lenyewe lishatokea na halina ubishi. Kinachotafutwa ni wa kubebeshwa. Kitenzi hakikwambii kama aliyebebeshwa kakosa kweli. Mtu anaweza kulaumiwa mchana kutwa na asiwe na hatia hata chembe, na kitenzi kikabaki kile kile.

Matamshi ni silabi moja, "bleim". Midomo ikishafunga kwenye m, iache imefunga. Sisi tuna maradhi ya kuongeza u mwishoni.

Nilimwandikia mgeni "I blame you" kwa mapenzi, akashituka. Nimekosea wapi?

Hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu sarufi yake haina kosa.

Mwanafunzi wangu mmoja, mama wa makamo anayekodisha vyumba viwili nyumbani kwake Jambiani, alisikia kwamba mgeni wake wa mwaka uliopita karudi Unguja, kalala hoteli nyengine, na kaondoka bila ya kupita hata kumjulia hali. Akachukua simu akaandika: "I blame you very much. You came to Zanzibar and you did not pass my house." Jibu lilikuja refu kama risala. Mgeni anaomba radhi, anauliza kitu gani kimeharibika, na kama ni ile pampu ya maji yuko tayari kulipa. Mama akanijia darasani na simu mkononi: "Maalim, hebu niambie, pampu imeingiaje hapa?"

Imeingia kwa sababu "blame" lazima ipate kitu kilichoharibika. Lawama yetu haina sharti hilo. Kwetu kulaumiana ni katika kupendana. Ukipita mlangoni kwa shoga yako bila ya kuingia, atakulaumu. Harusini hukualikwa, unalaumu. Umealikwa na hukwenda, unalaumiwa wewe. Mwenye shughuli hupeleka mwaliko hata kwa jamaa wa Pemba anayejua fika kwamba hatavuka maji, na ukimuuliza kwa nini anajisumbua atakujibu "naondoa lawama". Asiyekulaumu kabisa ndiye wa kumtilia shaka. Huyo kashakutoa moyoni.

Lawama ya namna hii ni deni la ujamaa linalodaiwa kwa sauti, na Kiingereza hakina kitenzi chake. Wenyewe wangesema "I was sad you didn't come by", au kwa utani "I'm cross with you". Mama aliandika upya kwa maneno hayo. Safari hii alijibiwa kwa picha ya mtoto wa mgeni akiwa kavaa kofia ya ukindu aliyonunuliwa Jambiani.

Niseme "blame for" au "blame on"?

Zote zimo, ila kila moja inabeba kitu chake. Baada ya "for" hukaa kosa. Baada ya "on" hukaa mbebeshwa.

"He blamed me for the broken glass."
"He blamed the broken glass on me."

Bilauri ni ile ile na mlaumiwa ni mimi yule yule. Kilichobadilika ni nani katangulia. Ukitaka kushika, isikie "for" kama "kwa" yetu: kanilaumu kwa bilauri. Na "on" ione kama gunia la karafuu linalopandishwa juu ya mgongo wa mchukuzi bandarini Wete: kinachofuata "on" ni mgongo.

Makosa ninayoyakuta kwenye madaftari ni haya kwa haya. "Blame to me" haipo. "Blame me that I broke it" haipo pia. Imezaliwa na "kanilaumu kwamba", na Kiingereza hakina "kwamba" hapo. Kinataka "for" na kitenzi chenye -ing: "He blamed me for breaking it."

Kwa umri, "on" ndiyo mdogo. Matumizi yake yalishika katika karne ya 19, na wapo walinzi wa lugha waliokuja kuyakataa kwa muda mrefu. Ukimkuta mwalimu mzee anaipiga kalamu nyekundu, msikilize kwa adabu, kisha endelea kuitumia.

Mbona wanasema "Who is to blame?" na si "to be blamed"?

Aliyeniuliza hili mara ya mwanzo ni kijana wa kidato cha nne, na alikuwa na haki ya kuuliza. Kwa Kiswahili tunasema "nani wa kulaumiwa?" na ile -iw- haiachwi. Ukiifuata Kiingereza neno kwa neno unapata "nani wa kulaumu?", yaani nani atoe lawama, na hapo umelipindua swali juu chini.

Ni mabaki ya Kiingereza cha zamani, pale kitenzi cha namna hii kilipoweza kubeba maana ya kutendwa bila ya kubadilika umbo. Vibao vya nyumba za kupangisha kule Uingereza huandikwa "house to let" kwa sababu hiyo hiyo. Kabla hujawacheka, kumbuka kwamba na sisi tunayo. Tunasema "maji ya kunywa", na hakuna anayeogopa kwamba maji ndiyo yatakayomnywa.

Wenyewe pia kiliwachanganya. Katika karne ya 16 na 17 wengi waliandika "too blame", wakidhani "blame" ni sifa kama "too hot", na umbo hilo limo hata katika chapa za kale za tamthilia za Shakespeare. Kwa hiyo usione haya.

Kwa matumizi ya leo: "The driver is to blame" ni kusema kosa ni la dereva. "The driver is to be blamed" inaelekea zaidi kwenye kusema kwamba dereva inafaa alaumiwe. Mara tisa katika kumi unayoitaka ni ya kwanza.

"Blame" na "accuse" si kitu kimoja?

Hapana, na kwa mfanyakazi wa hoteli tofauti yake inaweza kuwa ni kazi yako.

Mpokezi mmoja aliniletea barua ya kujieleza aliyotakiwa aiandike kazini. Ilianza: "The guest blamed me to steal his watch." Nikamuuliza, saa iliibiwa? Akasema haijulikani, mgeni haioni tu. Basi hapo "blame" haina nafasi. Anayekunyooshea kidole kabla jambo halijathibitika anakutuhumu, na kutuhumu ni "accuse". Tena "accuse" hufuatana na "of", haifuatani na "for" wala "to": "The guest accused me of stealing his watch."

Sasa tuseme saa imepotea kweli, na mgeni anadai imepotea kwa sababu wewe uliacha mlango wa chumba wazi. Hapo hakukwita mwizi. Kakwita mzembe. "The guest blamed me for the loss of his watch." Meneja akisoma sentensi ya kwanza ataita polisi, akisoma ya pili ataita fundi wa vitasa. Yule kijana aliandika ya kwanza akikusudia ya pili. Tuliirekebisha usiku ule ule kabla hajapanda gari ya Paje. (Saa yenyewe, nilikuja kuambiwa, ilikuwa ndani ya kiatu.)

Kuna jirani mwengine, "criticize", yaani kukosoa. Mwanaisimu wa Marekani, Charles Fillmore, mwishoni mwa miaka ya 1960 aliyachambua maneno haya mawili akaona kama yanatazamana kwenye kioo. Anayesema "accuse" hana shaka kwamba kitendo ni kibaya; anachodai ni kwamba umekifanya wewe. Anayesema "criticize" hana shaka kwamba umekifanya wewe. Anachodai ni kwamba ni kibaya. Pima kwa Kiswahili uone: utamtuhumu mpishi kwa kuiba nyama, utamkosoa kwa kuzidisha chumvi kwenye urojo.

Na kushitaki?

Polisi na mahakama: "charge", na hii hufuatwa na "with". Madai ya fedha au ardhi: "sue". Mtoto anayesema "ntakushitaki kwa mama": "I'll tell mum", basi. Neno letu limetoka kwenye Kiarabu cha kulalamika, ndiyo maana linaweza kutoka chumba cha watoto hadi mahakamani bila ya kubadilisha nguo.

Kusingizia wanakuitaje?

Hapa Kiswahili kimewazidi. Sisi tukisema "kanisingizia" tumeshatoa hukumu ndani ya kitenzi: lawama ni ya uongo. Kiingereza hakina kitenzi kimoja chepesi cha hivyo. Inabidi kisemwe kwa kuunganisha, "falsely accused", au "blamed for something I didn't do". Akitengeneza na ushahidi, kama wale wanaombambikia mtu kesi, hapo wana "frame". Anayekulazimishia kosa huku akijua si lako, "pin it on".

Zingatia kwamba kisingizio si lawama ya uongo. Kisingizio ni "excuse". Mtu aliyechelewa kazini akasema kivuko kilichelewa, na kivuko hakikuchelewa, katoa "excuse". Kivuko chenyewe ndicho kilichosingiziwa.

Na kwa kuwa nimo humu, wanafunzi wangu wa kike huniuliza "kusuta" ni nini kwa Kiingereza. Kumsuta mtu ni kumwendea yule aliyekuzulia au aliyekusengenya, ukamrejeshea maneno yake usoni, na aghalabu mbele ya watu ili asipate pa kukimbilia. Yapo yanayosutwa kwa mdomo, na yapo yanayosutwa kwa maandishi ya kanga tu, mtu akajifunga akapita uwanjani asiseme neno. "Blame" haifiki hata nusu. Kilicho karibu ni "confront", na siku hizi vijana wao wanasema "call someone out". Kanga hawana.

Naweza kuilaumu mvua kwa Kiingereza?

Unaweza, na wao hufanya hivyo kila siku. Mvua, foleni, kompyuta, joto, vyote hulaumiwa. Mwishoni mwa 2009 Unguja ilipoingia gizani, ikakaa karibu miezi mitatu kwa hitilafu ya njia ya umeme utokao Bara kwa waya wa chini ya bahari, ilikuwa Kiingereza safi kabisa kuandika "They blamed the cable." Mtaani kwetu hakuna aliyeulaumu waya. Tulisema waya umekufa, na lawama tukawatafutia watu.

Kulaumu kwetu kunataka mwenye masikio ya kusikia. Anayelilaumu jiwe lililomkwaa tunamwangalia mara mbili. Kwa hiyo ukikuta "blame" na kitu kisicho na roho, tafsiri yake iwe "sababu ni" au "chanzo ni": "The pilot blamed the wind" ni "rubani alisema sababu ni upepo".

"Shetani kanipitia" niitafsiri vipi? Niseme "I blame the devil"?

Usiseme. Mgeni atadhani ni suala la dini. Wenyewe wana maneno yanayopita njia ile ile kasoro shetani: "I don't know what came over me." Kitu kimenijia juu, sikijui, na mimi sikuwa mimi.

"I don't blame you" ni kusamehe?

Si kusamehe, kwa sababu hakuna kosa lililotajwa. Ni kusema "hata ningekuwa mimi". Mgeni anakwambia kakataa kupanda boti kwa mawimbi aliyoyaona, nawe ukamjibu "I don't blame you". Hapo umemuunga mkono.

Kinyume chake ni "You have only yourself to blame", na hii ni kali. Kwetu imo katika methali: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Usimwambie mgeni hata akiungua jua la Nungwi kwa ubishi wake. Na ile methali yao ya fundi mbovu anayelaumu vifaa, "a bad workman blames his tools", usiitafsiri. Ishajibiwa na mchagua jembe si mkulima.

Neno lenyewe limetoka wapi?

Limeingia katika Kiingereza kiasi cha mwaka 1200, kutoka Kifaransa cha kale, nacho kilipata kutoka Kilatini cha kanisa, nacho kutoka Kigiriki, ambako lilikuwa na maana ya kusema vibaya. Mzizi ule ule umezaa "blaspheme", kukufuru. Ndugu wa tumbo moja: mmoja kabaki kwenye dini, mwengine kaingia jikoni na ofisini.

Letu, laumu, ni la Kiarabu. Na tuhuma, na shutuma pia. Kwa hiyo pande zote mbili zimeazima maneno ya kulaumia, na nimewahi kumsikia mzee mmoja barazani akisema basi kumbe kulaumu tulifundishwa na wageni. Alikuwa anatania. Kusuta na kusingizia ni vya kwetu wenyewe.

Mwanangu anasoma kompyuta, nimeona kwenye skrini yake kaandika "git blame". Anamlaumu nani?

Hamlaumu mtu, tulia. Git ni programu ya kuhifadhi historia ya kazi ya waandika programu, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Amri hiyo inaonyesha, mstari kwa mstari, nani kaugusa mwisho na lini. Jina ni la utani, kwa sababu kwa kawaida mtu huitafuta mistari hiyo pale kitu kinapoharibika. Programu nyengine ya kazi kama hiyo, Subversion, imeweka pia jina la pili la amri hiyo hiyo: "praise", kusifu. Unachagua kulingana na ulivyoamka.

Kuna "blames" kwa wingi?

Kwa nomino, hakuna. "Lawama nyingi" ni "a lot of blame". Kubeba lawama ni "take the blame", kugawana ni "share the blame", na kule kutupiana mpira kwa wakubwa wanakuita "the blame game".

Nikimwambia mgeni "the glass is broken", ananiuliza "who broke it?" Kwa nini haniachi?

Kwa sababu umesema Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Sisi tuna mlango mzuri sana wa kutokea: imevunjika, imemwagika, imeharibika. Ile -ik- inaleta habari na kumwacha mhusika nyuma ya pazia. Ni adabu. Mtoto kaivunja bilauri ya bibi mbele ya watu wote sebuleni, na mama mtu anasema "aa, imevunjika". Kila mtu anajua nani, na hakuna anayeuliza. Atagombezwa baadaye, jikoni.

Kiingereza nacho kinaweza kusema "it broke", lakini aliyekizoea, akisikia hivyo kutoka kwa mtu aliyesimama na trei mkononi, anahisi kuna kitu kinafichwa. Yeye kazoea kusikia "I broke it". Kwa hiyo unyamavu wako wa heshima anausikia kama ujanja. Nimeona wahudumu wema kabisa wakipata jina la uongo kwa sababu ya -ik- hii peke yake.

Basi nikiivunja kweli, nisemeje?

Usiseme "I am to blame", inanukia mahakamani. Usiseme "blame me" pia, hiyo ni ya mtu aliyekasirika. Sema "I'm so sorry, that was my fault", mara moja, kwa sauti ya kawaida, bila ya kueleza habari za trei wala sakafu. Kisha kachukue fagio, maana vipande bado viko chini na wageni hawa hutembea pekupeku.